Vibao vya Namba za Motokaa: Kazi Ndogo Yenye Dhamana Kubwa

Kazi ya kuandika mabango ni kazi ya heshima, nayo imewalisha watu wengi katika miji yetu. Kila mwenye duka ataka jina lake lionekane mlangoni, kila mwenye lori ataka jina la kampuni yake ubavuni mwa gari, na kila shule na kila kanisa huhitaji kibao cha kuwaonyesha wageni njia. Lakini mwandika mabango yeyote aujua ugumu wa kazi hii. Bango likiisha kutundikwa hudumu miaka mingi, na mwenye duka harudi upesi. Mwezi huu kazi ni tele. Mwezi ujao fundi hukaa kibarazani akingojea mteja. Kwa hiyo fundi mwenye busara hutafuta kazi ya pili iliyo jirani na ile ya kwanza, itakayotumia mikono ile ile, meza ile ile na mashine zile zile.

Kazi moja inayotajwa mara nyingi ni ya kutengeneza vibao vya namba za motokaa. Mtu akiitazama kwa juu juu ataona kwamba kibao cha namba ni bango dogo tu, lenye herufi chache nyeusi, lisilo na picha wala mapambo. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa mahali ambapo fundi mdogo amepewa ruhusa ya kuifanya, faida yake ni nini, na hasa kwa nini kibao cha namba si bango kama mabango mengine.

MAHALI KAZI HII INAPORUHUSIWA

Yafaa kwanza tuondoe shaka. Katika Kenya fundi wa mtaani hana ruhusa ya kutengeneza vibao vya namba. Vibao hivyo hutengenezwa katika gereza la Kamiti, na mwenye gari huvipata kwa njia ya idara ya serikali inayosimamia usajili wa magari. Mwaka 2022 serikali ilizindua vibao vya namna mpya vyenye alama za kuzuia watu kuvighushi. Basi fundi wa Nairobi au Kisumu anayemchorea mtu kibao cha namba kibandani mwake, hata kama amefanya hivyo kwa kumhurumia aliyeangusha chake njiani, ajitia hatarini bure.

Katika Uingereza mambo ni mbalimbali. Huko, kama hapa, kibao cha mbele ni cheupe na cha nyuma ni cha manjano, na herufi ni nyeusi. Lakini serikali ya huko haitengenezi vibao yenyewe. Hutoa namba tu, na kuwaachia watu binafsi kazi ya kutengeneza vibao, mradi wawe wamesajiliwa. Ndiyo sababu utakuta maduka madogo ya mabango, maduka ya vipuri na hata karakana za kutengeneza magari yakiuza vibao vya namba. Watu wetu wengi wamehamia nchi hiyo, na baadhi yao wamefungua biashara ndogo ndogo. Kwa hao habari hii ni ya kazi. Kwetu sisi tuliobaki ni ya mafunzo.

ASILI YA KIBAO CHA NAMBA

Sheria ya Uingereza iliyoamuru kila motokaa iwe na namba ilipitishwa mwaka 1903, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1904. Siku hizo magari yalikuwa machache, na sababu ya namba ilikuwa moja tu: dereva akikosa, ajulikane. Namba iliweza kuandikwa kwa rangi juu ya kibao, au juu ya gari lenyewe mahali palipo bapa. Kwa hiyo mkono wa mwandika mabango ulikuwamo katika kazi hii tangu mwanzo wake. Baadaye vikaja vibao vya chuma na vya plastiki, na tangu tarehe 1 Januari 1973 kila gari jipya lilipaswa kuwa na vibao vinavyorudisha mwanga, ili namba isomeke usiku taa ikimulika.

Kwa muda wa karibu miaka 100 mtu yeyote aliweza kumtengenezea mwenzake kibao chochote bila kuulizwa. Wezi waliufurahia sana uhuru huo. Mtu aliiba gari, akaenda dukani, akanunua vibao vya namba nyingine, akaondoka kama mtu mwema. Hatimaye bunge likapitisha sheria mwaka 2001 juu ya makosa yanayohusu magari, na kuanzia tarehe 1 Januari 2003 kila muuza vibao katika England na Wales alilazimika kusajiliwa. Scotland na Ireland ya Kaskazini ziliingizwa katika mpango huo tarehe 1 Agosti 2008.

Msajili ni idara ya leseni za madereva na magari, ambayo makao yake yako katika mji wa Swansea. Ada ya kusajiliwa ni pauni 40, nayo hulipwa mara moja. Hiyo si fedha nyingi kwa mwenye duka. Lakini msomaji asidhani kwamba kwa kuwa mlango ni mpana, nyumba haina masharti.

JINSI KIBAO KINAVYOTENGENEZWA

Fundi wa mabango wa siku hizi tayari anayo kompyuta, kisu cha kukatia, meza pana, na pengine mashine ya rola ya kugandishia karatasi za plastiki. Kinachobaki ni kununua mashine ya kuchapia iliyokusudiwa kazi hii, pamoja na vifaa vyenyewe.

Kazi hufanywa hivi. Namba huchapwa juu ya karatasi ya plastiki inayorudisha mwanga, nyeupe kwa kibao cha mbele na ya manjano kwa kibao cha nyuma. Kisha karatasi hiyo hugandishwa nyuma ya kipande cha plastiki ngumu kinachopenya mwanga kama kioo, na vyote viwili hupitishwa katika rola ili vishikane. Kipimo cha kawaida cha kibao ni milimita 520 kwa urefu na milimita 111 kwa kimo. Fundi aliyezoea humaliza jozi moja kwa dakika chache.

Hapa ustadi wa mwandika mabango wafaa kweli. Yeye azijua hila za gundi. Ajua kwamba punje moja ya vumbi hubaki humo milele, na kwamba pumzi ya hewa ikinaswa chini ya karatasi, maji yatapita hapo wakati wa baridi na kibao kitaanza kubanduka. Mtu aliyetoka katika kazi nyingine atajifunza hayo kwa hasara. Mwandika mabango alijifunza zamani.

Lakini kuna jambo moja ambalo mazoea yake yaweza kumponza. Katika duka la mabango, karatasi ikibaki huwekwa akiba, na kipande cha kazi hii hutumiwa katika kazi ile. Katika vibao vya namba desturi hiyo haifai. Vifaa vimepimwa pamoja, yaani karatasi, gundi, wino na plastiki ngumu, kuona kama vitastahimili pigo, kupindwa, joto, baridi na mafuta, na kama vitarudisha mwanga inavyotakiwa. Fundi akichanganya karatasi ya huyu na plastiki ya yule, hawezi tena kusema kwa haki kwamba kibao chake kimetimiza kipimo. Na karatasi ya kung'aa ya mabango ya kawaida, hata iwe nzuri namna gani, si karatasi ya kazi hii.

HERUFI ZISIZOCHEZEWA

Mwandika mabango hujisifia herufi zake. Ampa kinyozi herufi za madaha, na mwuza majeneza herufi za utulivu. Katika kibao cha namba uhuru huo wakoma. Tangu tarehe 1 Septemba 2001 umbo la herufi ni moja tu, na kila kipimo kimewekwa na sheria. Kimo cha herufi ni milimita 79. Upana wake ni milimita 50, isipokuwa herufi I na tarakimu 1. Unene wa mstari ni milimita 14. Nafasi kati ya herufi na herufi ni milimita 11, na nafasi kati ya fungu la kwanza na la pili ni milimita 33. Pembezoni, juu na chini huachwa si chini ya milimita 11.

Tufanye hesabu kidogo. Namba ya huko ina herufi mbili, tarakimu mbili, nafasi, na herufi tatu, kwa mfano AB12 CDE. Tukizichukua zote saba kwa upana kamili, tutapata milimita 350. Nafasi ndogo ni tano, nazo ni milimita 55. Nafasi kubwa ni milimita 33. Pembe mbili ni milimita 22. Jumla ni milimita 460, nazo zaingia vizuri katika kibao cha milimita 520. Waliotunga sheria walipima kabla ya kuandika, na fundi hana haja ya kubana wala kutanua kitu.

Tarakimu zile mbili zaonyesha wakati gari liliposajiliwa. Namba mpya hutoka mara mbili kwa mwaka, tarehe 1 Machi na tarehe 1 Septemba. Za Machi hufuata mwaka wenyewe, na za Septemba huongezewa 50. Gari lililosajiliwa upya Machi 2024 lilipata 24, na la Septemba mwaka huo lilipata 74.

Tangu tarehe 1 Septemba 2021 kila kibao kipya hupaswa kutimiza kipimo kiitwacho BS AU 145e. Kwa kipimo hicho herufi lazima ziwe nyeusi tupu, zisizo na kivuli cha rangi nyingine. Tena kibao lazima kichapwe alama ya kipimo hicho, na jina la biashara ya aliyekiuza pamoja na namba ya posta ya mahali pake.

Maneno hayo ya mwisho yafikiriwe sana. Bango la duka halina jina la aliyeliandika, na likiwa baya atalaumiwa mwenye duka. Kibao cha namba hutembea barabarani kikiwa na jina la fundi. Kikiwa halali, ni tangazo lake lisilolipiwa. Kikiwa si halali, ni ushahidi wake mwenyewe dhidi yake mwenyewe, unaoonekana na kila polisi mwenye macho.

DAFTARI NDILO BIASHARA

Sisi ambao kazi yetu ni ya ofisini huchekwa kwa kupenda madaftari. Lakini katika biashara hii daftari lina uzito kupita mashine. Mteja hawezi kuingia, kutaja namba, kulipa na kwenda zake. Sheria yataka aonyeshe mambo mawili: kwamba yeye ni nani, na kwamba ana haki juu ya namba hiyo. Kwa la kwanza huweza kuonyesha leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, au hati nyingine iliyokubaliwa. Kwa la pili huonyesha cheti cha usajili wa gari, au cheti cha serikali kinachompa haki ya namba hiyo.

Muuzaji hana budi kuziona hati hizo kwa macho yake, kisha kuandika jina la mteja na mahali akaapo, namba ya gari, na hati alizoonyeshwa pamoja na namba zake. Kumbukumbu hizo hutunzwa kwa muda wa miaka 3. Polisi au mkaguzi aliyepewa mamlaka aweza kuingia dukani saa za kazi na kutaka kuzisoma. Tena habari za watu si za kuachwa wazi mezani pamoja na vipande vya karatasi; ni amana, nazo zifungiwe.

Asiyesajiliwa akifanya biashara hii hushitakiwa na kutozwa faini kubwa. Aliyesajiliwa akiuza bila kuona hati, au bila kuweka kumbukumbu, naye hushitakiwa. Na dereva anayetumia kibao kisicho sawa aweza kutozwa faini mpaka pauni 1,000, na gari lake hukataliwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka.

Fundi atauliza, "Taabu yote hii ni ya nini kwa kibao cha plastiki?" Jibu lake ni hili. Katika Uingereza barabara nyingi zina kamera zinazosoma namba za magari zenyewe. Uvumbuzi huo ulianza huko huko mwaka 1976, katika idara ya polisi ya mambo ya sayansi. Kamera haimjui dereva, yaijua namba. Basi mwizi hutafuta gari lililo sawa na lake kwa umbo na rangi, akainakili namba yake, akatafuta mtu wa kumtengenezea vibao. Tangu siku ile makosa yake yote humwangukia mwenye namba ya haki. Mama mmoja aliye mbali mashambani, ambaye gari lake halijaondoka uani, huanza kupokea barua za faini kutoka London: leo mwendo wa kasi, kesho ada ya barabara isiyolipwa, keshokutwa mafuta yaliyochukuliwa bila malipo. Huyo maskini hulazimika kuthibitisha kwamba hakuwapo mahali ambapo kamera yasema alikuwapo.

Kamera haikukosea, wala serikali. Kati ya mwizi na mama yule alikuwapo mtu mmoja tu aliyeweza kuuzuia uovu huo: fundi, kwa kuuliza neno moja, "Hati ya gari iko wapi?"

MTEJA WA KUKATALIWA

Wateja wengi ni watu wema. Mmoja kibao chake kimepasuka alipogusa ukuta akirudi nyuma. Mwingine ana tela, na sheria yataka tela lichukue namba ya gari linalolivuta. Mwingine amenunua namba yenye herufi za jina lake, na cheti cha haki anacho. Hao ndio riziki ya duka, nao hawachukii kuonyesha hati.

Lakini atakuja pia yule asemaye hati ameziacha nyumbani naye ana haraka. Atakuja kijana anayetaka tarakimu zisogezwe ili zisomeke kama jina lake, au herufi zipindwe kwa mtindo. Atakuja anayesema kibao ni cha maonyesho tu, hakitaingia barabarani, huku gari lenyewe limesimama nje likingoja kufungiwa kibao hicho. Hao wote watatoa fedha zaidi ya bei. Na wengine watasema, "Usipofanya wewe, jirani atafanya."

Fundi afikiri kabla ya siku hiyo kufika, maana siku yenyewe itakuwa siku ya njaa. Katika kazi ya mabango mteja ni bwana: akitaka herufi nyekundu, apewe nyekundu. Katika kazi ya vibao mteja si bwana peke yake. Nyuma yake amesimama kila mtu atumiaye barabara, mwenye haki ya kuamini kwamba namba anayoiona ni ya kweli. Mtu asiyeweza kumwambia mteja "hapana" kwa adabu na kwa uthabiti, heri abaki na mabango yake.

HESABU YA FAIDA

Je, kazi hii ina faida? Inayo, lakini si ya kutajirisha kwa haraka. Tuseme, kwa mfano tu, fundi amenunua mashine na vifaa vya kuanzia kwa pauni 1,200, na kila jozi humwachia pauni 12 baada ya kulipia vifaa. Itampasa auze jozi 100 kabla ya kurudisha fedha zake. Akiuza jozi mbili kwa siku, atazirudisha kwa siku 50 za kazi. Akiuza jozi mbili kwa juma, zitamchukua majuma 50, yaani karibu mwaka mzima. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, na atazame mtaa wake. Ni nani wauzao vibao karibu naye? Je, duka lake lina mahali pa kuegesha gari? Je, karakana zilizo jirani ziko tayari kumletea wateja?

Na azihesabu dakika pia. Kutengeneza kibao ni dakika chache, lakini kuonana na mteja, kusoma hati zake na kuandika daftarini huchukua muda kama huo au zaidi. Asiyeuweka muda huo katika bei yake atajikuta anafanya kazi bure, na mtu anayefanya kazi bure ndiye anayeshawishika kuacha kuandika.

Faida nyingine haionekani katika daftari la fedha. Mtu aliyekuja kwa kibao cha pauni chache huona mabango ukutani. Huenda ana duka, au ana gari la kubebea mizigo lisilo na jina. Akiona kwamba fundi huyu amepima sawa, ameuliza sawa na ameandika sawa, atamkumbuka atakapohitaji bango kubwa.

Mafunzo ya habari hii hayawahusu watengenezaji wa vibao vya Uingereza tu. Hapa kwetu wako mafundi wachongao mihuri, wachapao vyeti, na wachongao funguo. Kazi zao ni ndogo kwa macho, lakini kila moja ni ahadi ambayo watu wengine wataiamini bila kumwona aliyeitengeneza. Fundi wa namna hiyo huuza kitu, na pamoja na kitu hicho huuza neno lake. Basi anayetaka kuongeza kazi kama hii katika duka lake na aanze kwa kununua daftari zuri na kalamu, na kuazimia kwamba hakuna kibao kitakachotoka mlangoni kabla jina halijaandikwa. Akiisha kuazimia hivyo, na anunue mashine.